Rangi Ndani ya Ufa

Saa mbili asubuhi Inspekta Kanini Nthiwa alikuwa mezani pake, mbele yake vipande viwili vya alumini ambavyo vingemfunga mtu jela, na alikuwa na hasira ambayo hakujua bado aielekeze kwa nani.

Vipande hivyo vikiunganishwa vilikuwa kibano cha usukani wa pikipiki, kitu cha kutosha kiganjani, kimekerezwa vizuri na kutiwa rangi ya buluu inayong'aa. Jumapili iliyopita, katika machimbo ya zamani ya mawe nje ya Dagoretti, kibano hicho kilikatika wakati Peres Awuor, msichana wa miaka ishirini na mitatu, alipokuwa akipanda mwamba kwa pikipiki ya mchezo wa trials. Pikipiki hizo hazina kiti. Mwendeshaji husimama wima tangu mwanzo hadi mwisho, hupanda mawe na magogo polepole, na akigusa ardhi kwa mguu anapoteza alama. Hana kingine cha kushikilia ila usukani. Usukani ulimng'okea Peres mikononi, pikipiki ikaenda zake, naye akaanguka chali juu ya mawe. Alikata roho kabla ya kufikishwa hospitalini.

Dalmas Oyoo, fundi wa Ngara aliyekikereza kibano, alikamatwa jana alasiri. Leo saa nane mchana angesomewa shtaka la kuua bila kukusudia. Taarifa yake ilikuwa kwenye faili, imeandikwa na Konstebo Muindi kwa Kiingereza cha kituoni, na sahihi ya kuipitisha ilikuwa ya Kanini mwenyewe. Mstari uliowaridhisha wote ulikuwa mmoja tu: fundi alikubali kwamba alikosea, tena yeye peke yake, na mkewe hakuhusika. Mbele ya hakimu mstari huo usingetosha. Kituoni ulitosha kumfanya kila mtu aache kutafuta.

Kilichomkera Kanini ni rangi. Mahali chuma kilipokatika palikuwa na chembechembe za kijivu, jinsi inavyotarajiwa. Lakini upande mmoja, kuanzia kwenye tundu la skrubu, palikuwa na ukanda mwembamba wa buluu, tena ndani kabisa, mahali ambapo hapakupaswa kuonekana na jicho la mtu mpaka siku kibano kilipovunjika. Alichovya pamba kwenye petroli akasugua hadi kidole kikamuuma. Buluu haikutoka.

Alimwita Muindi akamwonyesha. Muindi alisema labda ni mafuta, halafu akasema labda rangi ilimwagikia ndani wakati wa ajali. Kanini akamuuliza rangi iliyokauka humwagikaje. Muindi, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alipenda kwenda nyumbani mapema, akarudia maelezo yake ya jana kwamba mafundi wa Ngara huyeyusha sufuria kuukuu na kuuzia watu takataka.

"Na madam, huyu jamaa amekubali mwenyewe," alisema. "Tunatafuta nini tena?"

"Ulimwonyesha hivi vipande?"

"Nani?"

"Fundi, Muindi. Mwenye kuvitengeneza."

Muindi alijikuna shingo. Kufikia wakati wa kuandika taarifa, alisema, kielelezo kilikuwa kimeshafungwa kwenye mfuko na kupigwa muhuri, na yeye hakutaka kuharibu muhuri. Basi mtu alishtakiwa kwa kitu ambacho hakukiona. Kanini alijua vyema kwamba hasira hiyo isingemwishia Muindi peke yake, kwa sababu hata yeye hakuuliza swali hilo kabla ya kutia sahihi.

Dalmas alikuwa ameshapelekwa mahakamani na gari la saa moja na nusu, na kumtoa kwenye seli za huko kungetaka barua na nusu siku. Kanini alijaza kitabu cha vielelezo, akatia vipande kwenye mkoba, akamwamuru Muindi amfuate. Ngara si mbali. Walikwenda kwa miguu, Kanini mbele, Muindi akihema nyuma.

Karakana ilikuwa nyuma ya maduka ya jumla, mwisho wa ujia ulioziba kwa marobota ya mitumba. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kukereza na, ukutani, beseni nne za plastiki. Mke wa Dalmas, Selpher, alikuwa ameinama juu ya beseni moja akiwa amevaa glavu ndefu za mpira. Hakusimama kuwasalimu.

"Mmerudi kunichukua na mimi?" aliuliza. "Ngojeni nimalize hii, nisiharibie mtu kitu yake."

Kanini aliingia mpaka ndani. Alipangusa meza kwa kiganja, akaviweka vile vipande chini ya taa. Selpher alivua glavu taratibu. Alivigeuza, akapapasa upande wa chini kwa kidole gumba.

"Hii mkono ni ya Dalmas," alisema. "Ona hapa chini, amegonga tone moja, hiki kishimo. Customer akichukua ya kwanza, Dalmas anagonga tone moja. Akirudia ile ile, anagonga mbili. Hii ni ya kwanza, na ni ya kitambo. Ni ya Mwau wa Parklands, miaka mbili sasa. Lakini hii rangi si yangu."

"Yako? Kwani rangi ni kazi ya nani hapa?"

"Dalmas anakata. Mimi nachoma."

Kanini aliikumbuka taarifa: mkewe hakuhusika. Alimwomba aseme tena, polepole. Selpher alimtazama kama mtu anayetazama mjinga mwenye bunduki, kisha akaeleza. Kipuri hutundikwa kwa waya ndani ya maji yaliyochanganywa na asidi ya betri, kisha hupitishiwa stima. Stima huifanya alumini iote ngozi ngumu yenye vitundu visivyoonekana. Ndipo kinatumbukizwa kwenye rangi, rangi inaingia vitunduni, na mwisho kinachemshwa ili vitundu vizibe. Rangi ya namna hiyo haibanduki kwa petroli wala kwa kisu, maana haikupakwa juu, imo ndani ya ngozi yenyewe. Huko kupitisha stima, mafundi wote wa kazi hiyo wanakuita kuchoma.

Kanini aligeuka mlangoni, aliposimama Muindi. "Dalmas alikwambia nini jana? Nataka neno kwa neno, kwa mdomo wake."

"Si nimeandika, madam."

"Umeandika Kizungu chako. Alisema nini?"

"Alisema... Nilimwambia tutabeba na bibi yake. Akasema, 'Hiyo nilichoma mimi mwenyewe, bibi yangu hakuwa.'" Muindi alijikuna shingo tena. "Si ni hivyo tu, madam? Mtu akichoma, amechoma."

Na kweli, Nairobi nzima ndivyo isemavyo. Kipa akifungwa bao la kijinga, amechoma. Mtu akisahau jina la mkwewe mbele ya wageni, amechoma. Muindi alisikia neno la mtaani akaandika kwamba fundi amekiri kukosea, na Inspekta Kanini Nthiwa, miaka kumi na minne kazini, akasoma, akaitikia kwa kichwa, akatia sahihi. Alitamani kumzaba Muindi kofi. Alitamani zaidi kujizaba mwenyewe.

Selpher alicheka kidogo bila furaha. "Tena alidanganya. Dalmas hajui kuchoma. Siku moja alijaribu, akaunguza gia ya mtu ikawa kama makaa. Alitaka tu msinichukue."

Alipoonyeshwa ule ukanda wa buluu ndani ya mvunjiko, alikisogeza kipande karibu na taa. Kisha akasema jambo ambalo mtu yeyote wa kazi hiyo angelisema jana kwa nusu dakika, kama angelipewa nafasi. Asidi huingia kila mahali penye upenyo. Ikiwa kuna rangi ndani ya ufa, basi ufa ulikuwepo kabla ya kipuri kutiwa rangi. Yeye alikichoma kibano hicho kikiwa kizima, tena kwa rangi nyekundu. Karakanani kwake hapakuwahi kuwa na buluu. Mtu alikichukua baadaye, kikiwa tayari kimepasuka, akakiyeyushia rangi nyekundu kwa magadi makali, akakichoma upya.

"Na Mwau ameshaagiza ya pili," aliongeza. "Alikuja wiki mbili zimepita, akasema ile ya kwanza imeibiwa. Tulimpa ingine nyekundu. Hiyo iko na tone mbili."

Kanini aliegemea meza kwa mikono miwili. Ni Mwau huyo huyo, mwenye duka la pikipiki na mlezi wa timu ya Peres, aliyekuja kituoni Jumatatu akiwa na macho mekundu, akasema kibano kilichomuua msichana ni kipya, kimetoka kwa Dalmas mwezi huu huu. Kanini aliuliza ni wapi jijini watu hutia buluu. Selpher alisema ni mahali pamoja tu, kwa mzee Kibe, Dagoretti.

Walichukua gari. Njiani Muindi alijaribu kuomba msamaha mara mbili, na mara zote mbili Kanini alimwambia aangalie barabara.

Kibanda cha Kibe kilikuwa nyuma ya soko la nyama, na vipuri vilivyotoka kwenye rangi vilikuwa vimeanikwa kwenye kulabu za bucha: vya dhahabu, vya zambarau na vya buluu. Kibe mwenyewe alikuwa mtu wa makamo, mpole wa sauti, vidole vimekolea rangi mpaka kwenye kucha. Kwanza alisema hakumbuki. Wateja ni wengi, alisema, na kibano ni kibano. Kanini aliviweka vipande viwili kwenye kigoda mbele yake, akamwambia mtu aliyekuwa amekishikilia kitu hicho amezikwa jana Siaya. Kibe akaketi chini.

Alitoa simu mfukoni bila kuulizwa. Kazi yake ilikuwa na desturi moja: kabla ya kugusa kipuri cha mtu alikipiga picha akamtumia mwenyewe, asije akadaiwa kwamba amekiharibu. Picha ilikuwepo. Kibano kilikuwa kijivu, kimeshavuliwa wekundu, na kutoka kwenye tundu la skrubu ulitoka ufa mwembamba kama unywele. Chini yake Kibe alikuwa ameandika kuuliza: "Hii iko na crack boss. Nirudishe?" Jibu la Mwau lilikuja baada ya dakika mbili: "Ni scratch tu. Piga blue. Kuna watu wa picha Jumapili."

"Wewe uliona nini, mzee?" Kanini aliuliza. "Scratch ama crack?"

Kibe alitazama vidole vyake. "Crack."

"Halafu?"

"Nikapiga blue. Mwenyewe amesema, mimi ni nani? Mimi ni mtu wa rangi tu."

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakufikiria kwamba angetokea mtu wa kuupaka ufa rangi na kumkabidhi mwingine aushikilie. Kanini alimwambia Kibe hayo kwa maneno makali kuliko haya, mbele ya wauza nyama waliokuwa wamesogea kusikiliza, na hakujutia hata neno moja. Kisha alimwamuru Muindi achukue taarifa kwa Kiswahili kile kile atakachozungumza mzee, na amsomee mara mbili kabla ya kumpa kalamu. Muindi aliandika akiwa amepiga magoti, daftari kwenye kigoda. Neno lisilomwingia aliliulizia maana.

Saa sita unusu walikuwa Parklands. Akiwa garini Kanini alikuwa amempigia kiongozi wa mashtaka, akamsihi faili ya Dalmas isiitwe. Mwanamke huyo alimjibu kwamba mshtakiwa haondolewi kwa simu. Alitaka karatasi mkononi kabla ya saa nane, la sivyo angemsomea Dalmas shtaka.

Duka la Mwau Kitonga lilikuwa chini ya ghorofa jipya, vioo vitupu na sakafu inayoteleza. Kwenye kaunta palikuwa na picha kubwa ya Peres, utepe mweusi pembeni na mshumaa ukiwaka. Kwenye picha hiyo msichana alikuwa amesimama juu ya pikipiki yake, gurudumu la mbele angani, anacheka. Kila kipuri kilikuwa buluu. Watu wa picha walikuwa wamefanya kazi yao.

Mwau alimkaribisha kwa mikono miwili, akaagiza chai, akasema kifo cha Peres kimemvunja, kwamba alikuwa kama dada yake mdogo. Alisema anashukuru polisi kwa kumkamata yule fundi haraka. Kanini alimwacha amalize. Kisha akaomba kuiona pikipiki ya Mwau mwenyewe.

Ilikuwa nyuma ya duka juu ya stendi, safi, na kibano cha usukani wake kilikuwa chekundu.

"Hiki unacho tangu lini?" Kanini aliuliza.

"Hicho? Miaka miwili. Dalmas alinitengenezea alipokuwa bado makini."

Kanini alichuchumaa, akapitisha kidole upande wa chini wa kibano, akamvuta Muindi mkono naye apapase. Yalikuwa matone mawili, kingo zake bado zinakwaruza ngozi. Alisimama, akatoa simu ya Kibe kwenye mfuko wa vielelezo, akamwonyesha Mwau picha na jibu lake.

Mwau alisoma. Alisema aliamini kweli ni mkwaruzo. Picha ilikuwa ndogo, na yeye si fundi.

"Kama ulikuwa mkwaruzo," Kanini alisema, "mbona uliagiza kingine? Na mbona ulimwambia Selpher kwamba cha kwanza kimeibwa?"

Mwenye duka alirudi nyuma hatua moja. Aliangalia mlango wa nyuma, akamwona Muindi amesimama hapo, akaegemea stendi. Alichosema baadaye Kanini alikisikia kichwani kwa siku nyingi, kwa sababu kilisemwa kwa utulivu, kama mtu anayeeleza hesabu iliyokosewa kidogo tu.

"Mimi ni mzito, niko kilo tisini na tano. Yeye alikuwa mwepesi sana, Inspector. Niliona itamshikilia mpaka Jumapili ipite."

Kanini alimtia pingu mwenyewe. Alizibana jino moja zaidi ya ilivyohitajika, kisha akakumbuka kwamba ni yeye aliyetia sahihi jana, akazilegeza. Kabla ya kutoka alimwambia Muindi aondoe picha ya Peres kwenye kaunta na kuzima mshumaa. Mwau alilalamika kwamba hiyo ni mali ya duka. Muindi alipuliza mshumaa.

Saa nane kasoro dakika sita Kanini alipanda ngazi za mahakama mbio, karatasi mkononi, jasho likimchuruzika ndani ya koti. Kiongozi wa mashtaka alizisoma akiwa amesimama, akainua nyusi mara moja, akauliza nani aliyeipitisha taarifa ya kwanza. Kanini akasema, "Ni mimi." Mwanamke huyo akaandika jina la Kanini pembeni ya faili, naye Kanini alijua kwamba barua ya nidhamu ingefuata, na kwamba ingekuwa ya haki.

Ilikuwa saa tisa na nusu Dalmas Oyoo alipotolewa kwenye seli za chini. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, viatu havina kamba kwa sababu zilibaki kituoni. Selpher alikuwa ameshafika. Alimshika mkono wa shati na kusimama tu, bila kulia. Kanini aliwafuata koridoni. Alikuwa amejiandalia maneno, lakini yote yalimponyoka, akabaki na yale mafupi.

"Tulikukosea. Mimi nilikukosea. Nisamehe, baba."

Dalmas hakusema amesamehe. Aliuliza kilichotokea, naye Kanini akamweleza kila kitu kwa mpangilio, maana angalau hilo Dalmas alistahili: kwamba Mwau, kama alivyokiri baadaye, alianguka na kibano chake cha kwanza kikapasuka, kwamba aliogopa kukiendesha akaja Ngara kuagiza cha pili, na kwamba kile kilichopasuka alikipeleka Dagoretti kikatiwa buluu, akakifunga kwenye pikipiki ya Peres kwa sababu watu wa picha walitaka timu nzima iwe rangi moja.

Fundi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Hasira iliyokuwa usoni mwake tangu atoke seli iliondoka, kikabaki kitu kingine ambacho Kanini asingeweza kukitazama kwa muda mrefu. Watu walipita katikati yao na mafaili. Selpher alimvuta mkono waende.

"Mwau alikuja asubuhi," Dalmas alisema mwishowe, "akakaa kwa kiti pale karakana akingoja nikate hiyo yake. Na ile alumini ilibaki, afande. Ilibaki kipande mzima. Angeniambia tu kuna msichana, ningekata mbili."